Mrija wa Mheshimiwa

Mama Kijoti, jirani wa ukuta mmoja na Siwatu, alidai kwamba siku mashine ya kuoshea vichupa ilipoingia mjini, wagonjwa wote wa hospitali ya wilaya waliinuka vitandani, wakatoka nje na nguo zao za wodini, wakajipanga kando ya barabara na kuipigia saluti.

"Hata yule mzee aliyening'inizwa mguu juu," alisema, huku anapeta mchele bila kuutazama. "Alisimama."

"Alisimamaje, mama, na mguu uko juu?"

"Imekuja mashine, mwanangu, wewe unauliza mguu?"

Siwatu hakubisha. Alikuwa mtu wa kutazama kuliko kusema. Lakini kesho yake aliulizia, na ikadhihirika kwamba Mama Kijoti, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa amepunguza. Wagonjwa hawakuinuka wenyewe. Waraka ulikuwa umewataka raia wote wenye uwezo wa kusimama, pamoja na wote wenye uwezo wa kusimamishwa. Yule mzee wa mguu alitolewa na kitanda chake, kitanda kikasimamishwa wima kama mlango, kikaegemezwa kwenye mwarobaini mpaka msafara ulipopita, saa nne baada ya wakati uliotangazwa. Watu wawili walizimia. Redio ya taifa ilisema wamezimia kwa furaha.

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Wenyeji wanaijua, na wageni hawaruhusiwi kuiandika. Ni nchi safi sana. Usafi wake umo kwenye katiba, ibara ya kwanza, na raia yeyote anayeona uchafu anatakiwa aende kituo cha polisi mara moja, ili apimwe macho.

*

Siwatu alikuwa na miaka sita katika kiwanda cha dawa cha taifa, chumba cha maji. Yeye na wanawake wengine thelathini na tisa waliosha vichupa vya dawa ya sindano, vile vidogo vya urefu wa kidole, vyenye shingo nyembamba na kifuniko cha mpira. Shule yake ilikomea darasa la saba. Ilimtosha. Kichupa hakiulizi cheti.

Aliyemfundisha kazi ni Bi Havijawa, mkongwe wa chumba kile. Siku ya kwanza alimsimamisha mbele ya dirisha, palipotundikwa kaniki, ile nguo nyeusi ya pamba wanayovaa wanawake wa shamba.

"Ukishaosha, unakileta hapa. Unakishika shingoni, unakizungusha taratibu, unahesabu mpaka nne. Kioo kwenye kitu cheupe hukioni, mwanangu. Kwenye kaniki kitakuonyesha kila kitu mpaka aibu yake."

"Nikiona kitu?"

"Unakitupa. Huombi ruhusa ya mtu."

Kwa miaka sita Siwatu alizungusha na kuhesabu mpaka nne. Alikuwa akihesabu nne hata anapokunywa chai. Na kwa miaka hiyo yote hakuna mgonjwa aliyechomwa sindano akalalamika zaidi ya kulalamikia sindano.

Kasoro ilikuwa moja tu: kazi hiyo haikuweza kuzinduliwa. Huwezi kukata utepe mbele ya wanawake arobaini waliolowa magoti. Ndiyo maana ikaagizwa mashine.

*

Mkurugenzi wa kiwanda, Bwana Sengodo, alikuwa mtu wa suti mbili: moja ya kuvaa na moja ya kubebwa nyuma yake na dereva, endapo Mheshimiwa atatokea ghafla. Wiki moja kabla ya uzinduzi aliingia chumba cha maji, akasimama pale pasipo na maji.

"Kina mama, mashine itaanza Jumamosi. Itakuwa na vichupa elfu kumi. Naomba mvioshe vyote kufikia Ijumaa."

Wanawake walitazamana.

"Tuvioshe sisi?" aliuliza Bi Havijawa. "Na mashine itafanya nini?"

"Itaviosha."

"Vikiwa vimeshaoshwa?"

"Bibi, hebu fikiri. Unataka Mheshimiwa Waziri aione mashine inaingizwa uchafu? Mbele ya kamera? Kazi ya mashine ni kutoa vichupa safi. Ili itoe vichupa safi kwa uhakika, lazima iingizwe vichupa safi. Hilo ni jambo la kitaalamu."

Basi wakaosha, wakatazama kwenye kaniki, wakapanga. Ijumaa jioni vichupa elfu kumi vilikuwa vinameta kama meno ya mtangazaji. Na kwa kuwa mashine ilikuja kuchukua nafasi ya wanawake arobaini, wanawake arobaini walistaafishwa usiku huohuo kwa tangazo la redio, wakapongezwa, kila mmoja akapewa kanga yenye picha ya mashine. Jumamosi asubuhi waliagizwa wafike mapema, wapitie mlango wa nyuma, wasimame nyuma ya pazia, wasikohoe.

*

Waziri wa Usafi wa Taifa, Mheshimiwa Profesa Balozi Kapteni Mstaafu Ndomondo, alihutubia kwa saa moja na nusu.

"Ndugu wananchi! Kichupa ni nini? Kichupa ni taifa dogo. Lina tumbo, lina shingo, na lina mdomo. Na juu ya mdomo, ndugu zangu, kuna nini?"

"Kifuniko!" waliitika wakurugenzi.

"Kifuniko! Na anayeshika kifuniko ni nani?"

Hapo wakurugenzi walisita, maana haikuandikwa kwenye karatasi zao, kisha wakapiga makofi kwa dakika sita ili kuziba pengo.

Baada ya hapo Mheshimiwa alipelekwa kwenye mashine. Ilikuwa mashine nzuri kweli, hilo Siwatu alilikubali mwenyewe akiwa nyuma ya pazia. Vichupa vilipita kwenye mkanda vikiwa vimepinduliwa miguu juu, na chini yao palikuwa na mirija kumi na sita ya chuma, myembamba kama njiti. Mirija inapanda, kila mmoja unaingia kwenye kichupa chake, unapuliza maji, unashuka. Kama ingeachwa ifanye kazi yake ingeiweza.

"Hivi vijiti ni nini?" aliuliza Mheshimiwa.

"Mirija, Mheshimiwa," alisema fundi wa mashine, Kondo, kijana mpole aliyepelekwa ng'ambo miezi mitatu kujifunza mashine hiyo na kurudi amejifunza pia kunyamaza. "Inapuliza maji ndani."

"Ni imara?"

"Ni imara kwa kazi yake, Mheshimiwa."

"Mimi sinunui kitu bila kukijaribu!" alisema Mheshimiwa, ingawa mashine ilikuwa imeshanunuliwa mwaka mzima nyuma. Akanyanyua fimbo yake ya mpingo, akaikandamiza kwenye mrija wa saba, akaiegemea kwa mwili wote. Na mwili ulikuwepo.

Siwatu aliuona mrija ukiinama. Kidogo tu, upana wa punje ya mchele. Kondo naye aliuona, akatazama viatu vyake.

"Imara!" alitangaza Mheshimiwa.

Makofi. Picha. Mvua ya vipande vya karatasi, ambavyo wanawake arobaini walioshastaafu walivifagia baadaye.

Jumatatu mrija wa saba ulikuwa umepakwa rangi ya dhahabu, na juu yake pamebandikwa kibao cha shaba: *Mrija huu uliguswa na Mheshimiwa.* Koki yake ya maji, ambayo kwa mirija yote mingine unaizungusha tu kwa mkono, ilipigwa lakiri nyekundu ya serikali, ili isije ikafungwa na mtu asiye na historia.

*

Utaratibu wa Ijumaa ile haukuondoka tena. Mkurugenzi alitoa waraka: kwa kuwa mashine ni mali ya taifa na imeguswa na Mheshimiwa, ni marufuku kuiingizia kichupa kichafu. Kwa hiyo kila siku wanawake arobaini, ambao kwa mujibu wa serikali hawakuwepo, waliosha vichupa kwa mikono, wakavitazama kwenye kaniki, kisha wakaviingiza kwenye mashine vikaoshwe. Kazi yao ikaitwa Utangulizi.

Siku ya tatu Siwatu alisikia sauti. *Kri.* Ikanyamaza. *Kri.* Aliacha kuosha, akatega sikio, akahesabu. Kati ya kila vichupa kumi na sita, kimoja kililia. Akaenda mwisho wa mkanda, akachukua kile kilichotoka kwenye mrija wa dhahabu, akakirudisha dirishani kwenye kaniki. Moja. Mbili. Kwenye tatu kikaonekana: kipande cha kioo, chembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, kimelala chini ya kichupa, kinameta.

Mrija uliopinda ulikuwa unakwaruza mdomo wa kichupa unapopanda, na kile unachokikwangua unakisukumia ndani.

Alichukua kingine cha saba, na kingine. Vyote vilikuwa hivyohivyo.

"Shangazi," alimwita Bi Havijawa, akamwonyesha.

Bi Havijawa alitazama kwa muda mrefu. Jicho lake la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, lakini la kulia bado lilikuwa lake.

"Wa saba?"

"Wa saba kila mara."

"Basi tumekwisha, mama yangu. Hicho si kioo tena. Hicho ni Mheshimiwa."

Siwatu hakuweza kucheka. Mdogo wake, Mwajabu, alikuwa na mimba ya miezi saba, na angejifungulia hospitali ya wilaya. Kila mwanamke anayejifungua pale huchomwa sindano moja ya kuzuia damu isimwagike. Dawa ya sindano hiyo hujazwa kiwanda kimoja tu nchi nzima, kwenye vichupa hivyo, chini ya mashine hiyo.

Alimfuata Kondo.

"Kuuzima mrija mmoja ni kazi gani?"

"Nusu mzunguko wa koki," alisema Kondo. "Dakika haiishi."

"Basi zungusha."

"Dada yangu, lakiri ile nikiibandua, nitakayezungushwa ni mimi."

*

Akaandika barua. Ilikuwa na mstari mmoja: *Naomba mrija wa saba uzimwe, kwa sababu unavunja kioo ndani ya vichupa.* Mkurugenzi alimwita ofisini. Barua ilikuwa mezani, imefunikwa na bilauri, kama mtu anavyofunika nge.

"Unasema mrija umepinda."

"Nimesema unavunja kioo, Mkurugenzi. Lakini umepinda pia."

"Mrija haujipindi wenyewe. Nani kaupinda?"

Siwatu aliitazama bilauri.

"Naona unajua kunyamaza. Vizuri. Umesoma mpaka wapi, binti?"

"Darasa la saba."

"Na mrija unaoushitaki ni wa ngapi?"

"Wa saba."

Mkurugenzi aliegemea kiti, uso umemchanua. "Umeona? Pale ulipoishia wewe ndipo unapoona kasoro. Ungefika kidato cha pili ungelalamikia wa tisa. Hili ni tatizo la elimu, si la mashine."

"Mkurugenzi, kitazame mwenyewe. Nimekuja nacho." Akamwekea kichupa mezani.

Mkurugenzi alirudisha kiti nyuma haraka. "Siwezi kukitazama! Nikikitazama nitakuwa shahidi."

Iliundwa tume. Tume ya Kioo ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, na ilikaa siku ishirini kwenye hoteli ya ufukweni. Haikutazama kichupa hata kimoja, kwa kuwa kutazama kungeingilia uhuru wake. Ripoti ilisomwa redioni na msomaji yule wa taarifa za misiba, ila kwa sauti ya harusi. Ilisema: uchafu, kwa tafsiri ya sheria, ni kitu kilichofifia. Kilichomo ndani ya vichupa kinameta. Kwa hiyo si uchafu. Ni usafi, tena usafi wa ziada, ambao taifa halikuutarajia mpaka mwaka wa kumi wa mpango.

Ilisema pia kwamba hapakuwa na malalamiko yoyote mpaka vichupa vilipotazamwa kwenye kitambaa cheusi. Chanzo cha malalamiko, basi, ni kitambaa.

Kaniki zote za chumba cha maji zilikusanywa, zikachomwa uani, Mkurugenzi akiwa na suti zote mbili. Zilizotundikwa badala yake zilikuwa shuka nyeupe, nyeupe hasa, zinazoumiza macho. Vichupa elfu kumi vilitazamwa kwenye shuka hizo na hakikuonekana kipande hata kimoja. Mafanikio yakatangazwa. Bi Havijawa, kwa ajili ya jicho lake la kushoto, akapandishwa cheo kuwa Mkaguzi Mkuu. La kulia akaahidiwa kuwa litashughulikiwa.

"Shangazi, utaikubali hiyo kazi?" Siwatu alimuuliza.

"Nimeshaikubali. Nina wajukuu watano." Bi Havijawa alikuwa anakunja mikono ya gauni lake jipya la ukaguzi, hamtazami. "Usinitazame hivyo. Nitazame kama unavyotazama kichupa kingine chochote."

Siwatu alimtazama, akahesabu mpaka nne, akaenda zake.

Kaniki moja haikuungua. Ile ya dirishani kwake ilikuwa imefungwa kiunoni mwake, ndani ya gauni.

*

Kuanzia hapo alifanya alichoweza. Alisimama mwisho wa mkanda, na kila kichupa cha mrija wa saba kilipopita alikitoa, akakitia mfukoni mwa aproni, na saa ya chakula akaenda kuvimwaga kwenye shimo la taka. Alihesabu siku kutwa. Hakukosea hata kimoja. Kwa siku kumi na nane hospitali za nchi ile zilipata dawa salama, bila idhini.

Siku ya kumi na tisa iligundulika kwamba makasha yanatoka na upungufu, na upungufu wenyewe unatoka kwenye mrija wa dhahabu. Mheshimiwa alikuwa anahujumiwa peke yake kati ya mirija kumi na sita!

"Unafukuzwa kazi," alisema Mkurugenzi.

"Sawa," alisema Siwatu.

Lakini mwanasheria wa kiwanda aliinua kidole. Huyu mama ameshastaafu. Hawezi kufukuzwa mtu ambaye hayupo. Walifungua vitabu, wakapiga simu wizarani, na mwisho njia ikapatikana: Siwatu aliajiriwa upya saa nne asubuhi, kwa barua, akakaribishwa rasmi na kupewa mkono, kisha saa tano akafukuzwa kwa kufuata taratibu zote. Kwa saa ile moja alikuwa mfanyakazi pekee halali wa chumba cha maji.

Aliitumia kusimama mwisho wa mkanda. Alitoa vichupa vya saba mpaka walipokuja kumshika mikono.

"Kondo," alisema alipopita karibu na fundi. "Nusu mzunguko."

Kondo alitazama viatu vyake.

*

Wiki tatu baadaye, asubuhi, Siwatu akiwa anachuja chai, Mama Kijoti aligonga ukuta.

"Siwatu! Mdogo wako kajifungua! Mtoto wa kike, katoka na meno mawili, nesi kakimbia!"

Siwatu aliacha chai mekoni, akakimbilia hospitali ya wilaya. Mtoto hakuwa na meno na nesi hakuwa amekimbia. Alikuwa hapo, mwanamke wa makamo aliyevimba miguu, peke yake na wazazi kumi na wanne, wawili wawili kila kitanda. Mwajabu alikuwa amelala ubavu, mdomo mweupe, mtoto kifuani.

"Dada umekuja," alisema. "Nasikia baridi."

Shuka chini yake ilikuwa imelowa damu.

"Anavuja," alisema nesi, bila kusimama. "Siyo sana, ila asipochomwa sasa hivi itakuwa sana. Sogea kidogo, mama."

Akaweka juu ya meza kasha jipya la kiwanda. Lilikuwa na picha ya Mheshimiwa ameshika fimbo. Akalifungua. Ndani mlikuwa na vichupa kumi na sita, vimepangwa vizuri, vyote vinang'aa sawasawa. Nesi akachukua kimoja cha katikati, akang'oa kibati cha juu kwa ukucha, akashika bomba la sindano kwa mkono mwingine.

Ukutani, juu ya kichwa cha Mwajabu, palikuwa na bango jipya la wizara: *Ni marufuku kuchungulia dawa. Imeshachunguliwa.* Mlangoni, kwenye kiti, alikaa mtu mwenye miwani ya jua aliyekuwa anasoma gazeti, bila kufunua ukurasa.

Siwatu aliingiza mkono ndani ya gauni, akafungua fundo kiunoni, akatoa kaniki. Ilikuwa imefubaa kwa jasho, lakini bado ilikuwa nyeusi. Akaitandaza juu ya magoti ya mdogo wake.

"Dada nesi," alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba hicho kichupa. Sikichukui. Nakishika tu shingoni, hapa mbele ya hiki kitambaa, nakizungusha mara moja. Ni kuhesabu mpaka nne."

Nesi alitazama kitambaa. Akatazama bango. Gazeti la pale mlangoni lilishuka kidogo. Chini ya kitanda, tone moja la damu lilianguka sakafuni, kisha la pili.

Nesi alikuwa bado ameshika kichupa.